Fasta

Saa kumi na moja alfajiri, Mafinga, mwezi wa sita.
Baridi imekaa juu ya mbao kama mnunuzi asiye na hela.
Fuso limewashwa, linakohoa,
na Kihwele, mwenye mzigo, anapiga makofi ndani ya glovu:
Fasta, vijana! Fasta! Dar wanangoja!

Mimi ndiye mfunga kamba.
Miaka tisa nimelijua neno hilo kwa mgongo tu:
kukimbia na ubao begani,
kunywa chai ikiwa bado inababua ulimi,
kupiga fundo moja panapotaka matatu.

Wiki iliyopita Yusta, binti yangu, kidato cha pili,
alirudi likizo na kamusi ya kuazima, haina jalada.
Alikaa nayo karibu na jiko, akacheka peke yake.
Baba, neno lenu la uwanjani limetoka kwa Waingereza,
na huko kwao, kabla halijajifunza kukimbia,
lilikuwa limesimama.
Lilikuwa kushika. Kisichong'oka.
Mlango uliokomewa. Rangi isiyochuja.
Hata usingizi wa mtoto, ule wa kubebwa asijue,
nao wanauita hivyohivyo.
Na anayejinyima chakula kwa ajili ya Mungu
yumo pia, ukurasa uleule, herufi zilezile.

Nikamwambia, watu gani hao,
jiwe na swala wanawapa jina moja?

Mama alikuwa pembeni anachambua maharage.
Ilikuwa Ijumaa. Ijumaa zake hatii kitu mdomoni.
Akauliza bila kuinua kichwa:
Wewe unafanya kazi gani?
Nafunga mizigo.
Na mimi leo?
Umefunga, mama.
Na Kihwele akitaka gari lizidi mbio, anamwambiaje dereva?
Anamwambia kaza mwendo.
Na kamba je, inafanywaje?
Nikanyamaza.
Inakazwa, akajibu Yusta, macho yamemtoka,
akaanza kutafuta kalamu.

Maharage yaliendelea kudondoka kwenye sinia,
moja, kisha jingine. Mabovu aliyatupia kuku.

Hakumtaja Ezebio. Nyumbani kwetu hatajwi na neno kamba
katika sentensi moja.
Siku ile mdogo wangu alikaa juu ya mzigo,
amejifunika turubai, anapiga mluzi.
Nilikuwa nimeambiwa fasta, nikafunga fasta,
na Kitonga, kwenye kona ambayo hata malori hushusha pumzi,
fundo langu likaachia.
Mbao mia mbili na arobaini zikatangulia kushuka mlima.
Tulipofika chini, nyani walikuwa wamezikalia,
wanazigeuzageuza, wanazinusa,
utadhani wameagizwa na fundi.
Tulicheka. Hilo ndilo silisahau: tulicheka
kabla hatujauona mkono wa Ezebio.

Sasa ana kibanda cha soda pale Changarawe.
Anahesabu chenji kwa vidole vitatu na hakosei.
Watu husema ana bahati, naye hukubali.
Mama alianza Ijumaa zake wiki ileile.
Sijawahi kumwuliza anamwombea nani,
aliyeanguka
au aliyefunga.

Kihwele anapiga makofi tena. Fasta!
Nimeshapiga fundo la kwanza, gari linanguruma,
dereva ameshafunga safari kichwani mwake, yuko Mikumi tayari.
Napiga la pili.
Wewe Kalinga, umelala? Nimesema fasta!
Ndiyo hii bosi, namwambia, ndiyo hii ninayoifanya,
nakanyaga ubao kwa mguu wa kushoto,
najilaza nyuma kwa uzito wangu wote
mpaka kamba inalia.
Ananitazama kama mtu aliyejibiwa kwa Kichina.

La tatu.